Sababu ya Tatu

Kwa miaka ishirini na miwili Huguette alikuwa amechapa barua, kesi za mashamba, mialiko ya harusi na risala za misiba, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kumwambia kwamba amemponza. Alijivunia jambo hilo, tena kwa sauti. Duka halikuwa lake. Lilikuwa la Faruk, chumba kimoja pembeni mwa barabara ya Port Bell, Kampala, hatua chache kabla ya njia inayokwenda gereza la Luzira, chenye kompyuta mbili na printa iliyokohoa kwa kila karatasi. Lakini wateja hawakuja kwa Faruk. Walikuja kwa Madamu.

Kazi aliisomea Bukavu kwa masista, enzi za taipureta. Sista mmoja mwenye macho makali aliwafundisha desturi ambayo Huguette alivuka nayo mpaka wa nchi wakati wa vita, pamoja na watoto wawili na sufuria moja. Ukiongeza jambo katikati ya orodha, alisema sista, rudi mwanzo. Weka kidole kwenye namba ya kwanza, ushuke nacho mpaka ya mwisho. Kisha upitie hati nzima, na kila mahali inapotajwa namba, weka kidole hapo pia, ujiulize kama bado inasema kweli. Wasichana walimcheka sista nyuma ya mlango, lakini kidole waliweka.

Mwaka ule Faruk aliamua kumbadilisha. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Kyambogo walikuwa wanahama duka moja baada ya jingine wakitafuta mtu wa kuwapangia vichwa vya sura na orodha ya yaliyomo, na Huguette alikuwa bado anavipanga kwa mkono: ananenepesha maneno, anapiga mstari chini yake, anasogeza kwa nafasi nane, anaandika namba mwenyewe. Faruk alimwambia kwamba huko ni kumvalisha mtu kofia ya polisi na kudhani amekuwa polisi. Kompyuta haijui kwamba ule mstari mnene ni kichwa. Lazima uiambie: hiki ni kichwa kikubwa, hiki ni kichwa kidogo, hii ni orodha yenye namba. Ukishaiambia, inatunza yenyewe. Ongeza sura, zote zinajipanga upya. Futa moja, pengo linaziba.

Huguette alinuna wiki mbili. Wiki ya tatu alijaribu, na akapenda kama msichana aliyepata mchumba. Alikuwa anaongeza sura za uongo katikati ya tasnifu za watu ili tu aone namba zikisogea. Kidole cha sista kilipata mapumziko, na mwenye kidole hakukiulizia tena.

Sasa ile Ijumaa. Umeme ulikuwa wa zamu mwaka huo, leo unawaka kwenu, kesho kwa jirani, na zamu ya Luzira ilikuwa iishe saa nane mchana. Saa nne asubuhi aliingia Mama Husnah.

Jina lake hasa lilikuwa Maimunah, Mnubi wa ukoo wa madereva, babu zake waliletwa huku na jeshi la Waingereza na wakabaki. Mumewe Yasiin alikuwa akiendesha lori kati ya Kampala na Busia, na sasa alikuwa mwaka wake wa sita ndani ya Luzira, kati ya thelathini aliyofungwa kwa wizi wa kutumia silaha. Ghala lilivunjwa usiku katika eneo la viwanda, mlinzi akasema amemtambua Yasiin. Yasiin alisema usiku huo alikuwa Busia, na karatasi za lori lake zilikuwa na muhuri wa lango la forodha kuthibitisha. Jaji hakuutilia maanani ule muhuri. Rufaa ilikuwa imengoja miaka mitano, na hatimaye ilikuwa imefika.

Hati ya rufaa Huguette alikwisha kuichapa wiki iliyotangulia. Ilikuwa na sababu sita zilizopangwa kwa namba, na kila sababu ilifuatiwa na maelezo yake chini ya kichwa chake. Sababu ya kwanza ilisema mlinzi hakuweza kumtambua mtu gizani kwa umbali ule. Ya pili ilikuwa muhuri wa Busia, na wakili wao, Awiti, alisema kama kuna kitu kitakachomtoa Yasiin, ni hiki. Ya tatu ilisema kifungo kilikuwa kizito mno. Hiyo Awiti hakuipenda. Mtu anayesema hakuwepo, alisema, asigeuke hapo hapo kuomba apunguziwe adhabu. Lakini ilikuwa imekwisha kuandikishwa mahakamani, haiwezi kufutwa kimyakimya, kwa hiyo ndani ya maelezo aliandika kwa Kiingereza cha mahakama kwamba mrufani anaiacha sababu ya tatu na hataki isikilizwe. Maneno hayo yalikuwa mahali pawili, ukurasa wa pili na ukurasa wa tisa.

Ile Ijumaa Mama Husnah alileta karatasi moja zaidi. Mahakama ilikuwa imeruhusu sababu mpya: mlinzi yule yule, siku ya kwanza polisi, alitaja mtu mfupi mwenye kovu, na Yasiin ni mrefu na uso wake hauna hata alama ya ndui. Awiti aliagiza iwekwe mara baada ya ya kwanza, kwa sababu zote mbili zinamhusu mlinzi. Hati ilipaswa kufika masjala ya mahakama mjini kabla ya saa kumi alasiri. Ikipita saa kumi, mlango umefungwa, na ruhusa imekwisha.

Foleni ilipomfikia, Huguette alifungua hati kwa mbwembwe. Alimvutia Mama Husnah kiti karibu ili aone maajabu. Akaweka kishale mwisho wa sababu ya kwanza, akabonyeza, akachapa ile mpya. Mara hiyo hiyo ya pili ikawa ya tatu, ya tatu ikawa ya nne, mpaka chini zikawa saba. Vichwa vya ndani navyo vikafuata, na orodha ya yaliyomo ikajirekebisha kwa kubofya mara moja.

Mama Husnah hakujua kusoma Kiingereza, lakini namba alizijua vizuri. Alikuwa msusi wa vikapu kama mama yake, na msusi asiyehesabu mizunguko kikapu chake hakikai chini. Alikuwa pia na tabia iliyowachosha makarani wa ofisi zote za Kampala: kila karatasi aliuliza, hapa imesema nini, na hapa je. Kurasa zilipokuwa zinatoka kwenye printa alikuwa anazipokea moja moja, anazipitia kwa macho. Kwenye ukurasa wa tisa alisimama.

"Madamu, namba zote zimesonga. Hii tatu ya huku chini, mbona iko palepale tu?"

Huguette alikuwa na wateja watatu mlangoni na saa ya ukutani ilikuwa inasogea kwenye saa saba. Hakuangalia hata karatasi.

"Mama Husnah, usikuwe na mashaka. Mashini inapangaka namba yenyewe."

Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye, kwamba alimfukuza mtu kwa upole. Mama Husnah aliangalia ile karatasi tena, akauliza kwa sauti ya chini kama ina maana imesema sawa. Huguette akamjibu mteja mwingine. Nakala sita zikabanwa, zikaingia kwenye bahasha, bahasha ikaingia kwenye kikapu, na Mama Husnah akapanda bodaboda kwenda mjini kumtafuta wakili atie sahihi.

Saa nane umeme ukakatika kama ulivyoahidi. Wateja wakatawanyika. Jenereta halikuwa na petroli, na Faruk alikuwa amekwenda kuswali na hakurudi. Huguette akaleta chakula chake, maharage na viazi vitamu, na kwa kuwa meza ilikuwa ya kazi, akatandika chini ya sahani karatasi iliyoharibika, moja ya zile ambazo printa ilizichafua kwa wino. Alikula bila haraka. Alipofika nusu ya sahani aliisogeza, na macho yake yakaangukia mstari uliokuwa umefichwa.

Sababu ya tatu imeachwa.

Alitafuna viazi. Akaacha kutafuna. Akachukua karatasi nyingine iliyoharibika, yenye ile orodha, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu akaweka kidole. Ya kwanza, giza. Ya pili, mtu mfupi mwenye kovu. Ya tatu, muhuri wa Busia.

Programu ilikuwa imesogeza kila namba iliyoiweka yenyewe. Lakini ile tatu ya ukurasa wa pili na ile ya ukurasa wa tisa aliziandika yeye, kwa kidole chake, ndani ya sentensi, na kwa kompyuta hizo zilikuwa herufi tu kama herufi nyingine. Hakuna aliyeiambia kwamba zinaelekeza mahali. Kwa hiyo sasa hati ya Yasiin ilikuwa inawaambia majaji, kwa niaba yake na kwa sahihi ya wakili wake, kwamba anauacha muhuri wa Busia. Anaachia kitu pekee cha kumtoa, na anang'ang'ania kupunguziwa adhabu ya kosa ambalo hakulifanya.

Na mwanamke asiyejua kusoma alikuwa amemwonyesha kwa kidole.

Alimpigia Mama Husnah, simu ikasema mteja hapatikani. Alimpigia Awiti, ikaita mpaka ikakata. Saa yake ya mkononi ilisema saa nane na dakika hamsini. Kuchapa upya hakukuwezekana, umeme hakuna. Aliacha sahani mezani, akafunga mlango kwa kufuli, akachukua kalamu nyeusi na ile karatasi yenye doa la mchuzi, akasimamisha boda. Dereva alitaja bei ya mzungu na Huguette, ambaye siku nyingine angeshuka na kumsomea ukoo wake wote, alisema twende.

Njia nzima alikuwa anahesabu. Kutoka Luzira mpaka mjini si mbali kwa mtu asiye na haraka. Kule Kitintale lori la mchanga lilikuwa limelala katikati ya barabara, boda akapita juu ya ukingo kati ya vibanda na matusi. Huguette alikuwa amefumba macho, si kwa kuogopa kuanguka. Alikuwa anaona dirisha la masjala, mkono wa karani, muhuri ukishuka. Hati ikishapigwa muhuri ni mali ya mahakama. Kuibadilisha kunahitaji ombi, ombi linahitaji tarehe, na tarehe za mahakama alizijua: rufaa yenyewe ilikaa miaka mitano. Tena kesi ilikuwa isikilizwe Jumatatu. Majaji wangesoma Jumamosi na Jumapili, wangefika kwenye sababu ya tatu, wangeona imeachwa, wangefunua ukurasa.

Alichukia ile programu. Kisha akaona anaionea, kwa kuwa ilifanya walichokubaliana. Akajichukia mwenyewe, na hapo hakuona sababu ya kujihurumia. Miezi mitatu alikuwa anatamba mbele ya wateja, akiita orodha yenye namba kwa jina kama anayemwita mtoto wake, na sista wa watu kaburini huko Bukavu na kidole chake.

Saa tisa na dakika ishirini na tano alikuwa anapanda ngazi za mahakama, jasho likimtiririka mgongoni. Mlinzi wa getini alimpekua kana kwamba ana siku nzima. Ukumbi wa masjala ulikuwa na dirisha moja lenye nondo, na nyuma yake karani mwembamba, Otim kwa kitambulisho chake, alikuwa anapiga mihuri bila kuinua uso. Huguette akajisukuma mpaka mbele, akauliza kama rufaa ya Yasiin wa Luzira imekwisha kupokelewa. Otim akatafuta kwenye kitabu. Akatafuta tena. Akasema haijafika.

Haijafika? Ilitoka Luzira saa saba. Huguette alifikiri ajali, alifikiri wezi, alifikiri kwamba amemponza mtu mara mbili kwa siku moja. Akageuka.

Mama Husnah alikuwa kwenye benchi, pembeni kabisa, kikapu mapajani, mikono yote miwili juu ya bahasha. Alikuwa amekaa kama mtu aliyekaa hapo muda mrefu. Ukutani juu yake saa ya mahakama ilikuwa inakwenda.

"Mama Husnah. Wakili hajaweka sahihi?"

"Ameweka. Saa nane. Akasema haraka, peleka kwa dirisha."

"Na hujapeleka?"

"Nilikuuliza ile tatu," alisema Mama Husnah. "Hukunijibu."

Hakusema kwa hasira. Alieleza kwamba alijaribu kumpigia na simu ikazimika kwa kukosa chaji. Alimwuliza wakili, wakili alikuwa na kesi nyingine chumba namba mbili na watu wanne wakimvuta nguo, akamwambia Madamu hakosei kamwe. Alimwuliza karani, karani akasema yeye anapiga muhuri tu. Basi akakaa. Alikusudia kukaa mpaka apate mtu wa kumjibu, na asipopatikana, saa kumi ipite.

Huguette alitaka kupiga magoti pale pale sakafuni. Badala yake alikaa benchi, akasema lile alilopaswa kulisema saa saba: kwamba mama ameona sawa, tatu ile ilipaswa kuwa nne, kwamba kosa ni lake yeye Huguette, na kwamba hati kama ilivyo ingemwacha Yasiin ndani. Kisha akakimbia chumba namba mbili, Mama Husnah nyuma yake na bahasha.

Hakuruhusiwa kuingia. Alisimama kwenye kioo cha mlango akiinua ile karatasi yenye mchuzi, mpaka askari akamtishia. Awiti alikuwa amesimama mbele ya jaji akizungumza, na alizungumza dakika tisa, Huguette alizihesabu zote. Alipogeuka kuchukua kitabu aliiona karatasi, akamwona aliyeishika, na kitu fulani usoni pa mwanamke yule kikamfanya aombe ruhusa ya kutoka. Aliisoma akiwa wima. Alikaa kwenye ngazi na joho lake, akaomba kalamu. Huguette alifunua kurasa, Awiti alikata tatu akaandika nne, akatia herufi za jina lake pembeni. Nakala sita, mahali pawili kila moja. Mama Husnah akazirudisha kwenye bahasha, na Awiti akarudi ndani mbio.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na tatu. Otim alikuwa ameanza kukusanya mihuri yake.

"Lete, mama, tupeleke," Huguette alisema.

Mama Husnah hakutoa bahasha. Alimwomba kwanza amsomee. Sababu zote saba, kwa Kiswahili, na ile nne, ajue inaacha nini.

Huguette aliangalia saa. Aliangalia dirisha. Kila kilichomo ndani yake kilikuwa kinasema mnyang'anye hiyo bahasha ukimbie. Lakini leo alikwisha kumwambia mwanamke huyu mara moja asiwe na mashaka. Akafungua ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye namba ya kwanza, akaanza.

Alisoma giza, akasoma mtu mfupi mwenye kovu. Akasoma muhuri wa Busia, na Mama Husnah akamwomba aurudie, akaurudia. Akasoma ya nne, kifungo kizito, akahama kwa kidole mpaka chini ambapo wino wa Awiti ulikuwa haujakauka, akasema hii ndiyo imeachwa, hii peke yake. Mama Husnah akaitikia kwa kichwa. Ya tano ilihusu bunduki ambayo haikupatikana. Karani akagonga dirisha kwa kalamu, akasema dakika tano.

"Ya sita," alisoma Huguette, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili neno kwa neno, kwa sababu alikuwa amekwisha kulichapa mara mbili na hajawahi kulisoma. "Kwamba polisi walichukua maelezo ya mke wa mrufani. Kwamba maelezo yale yalisema mume alirudi nyumbani usiku ule. Kwamba mke hajui kusoma, na hakusomewa, na aliambiwa tu aweke dole gumba, kwamba ni karatasi ya kumtoa mume wake."

Kidole cha Huguette kilisimama.

"Huyo ni mimi," alisema Mama Husnah. "Nilimuuliza yule afande, hapa imesema nini. Akaniambia, mama, usikuwe na mashaka."

Huguette akasogeza kidole kwenye ya saba, akaisoma yote mpaka nukta. Mama Husnah alihesabu kwa midomo, saba, akainuka, akatoa nakala sita kwenye bahasha na kuzipeleka dirishani mwenyewe. Otim aliangalia saa, akaangalia zile namba zilizokatwa kwa kalamu, akauliza ni nani wa kuzieleza zikiulizwa. Huguette akaja akasimama hapo, akataja jina lake lote, na jina la duka, na karani akaliandika kwenye kitabu.

Kisha muhuri ukashuka mara sita, na Mama Husnah akauliza ule muhuri umesema nini.